Tunalipia Spea, Hatutaki Kulipia Kipimo

Wasee, leo nawachoma, na naanza na mimi mwenyewe.

Ukiposti leo ati Subaru yako ya zamani inakata nguvu ukikanyaga mafuta, hata hujaweka simu chini watu ishirini wameshajibu: "Hiyo ni pampu." Hakuna aliyeuliza presha ni ngapi. Hakuna aliyeuliza kama inakata ikiwa baridi au ikishapata moto. Pampu tu. Mimi pia nimewahi kujibu hivyo mara nyingi, na nimekuja kusema tuache huo ujinga. Huo si ushauri. Hiyo ni ramli.

Sikizeni kisa. Beste yangu ana Impreza WRX ya 2002, ile ya macho ya mviringo, namba inaanza na KA. Hizi gari haziingii tena nchini, maana sheria hairuhusu kuleta gari iliyozidi miaka minane. Zilizobaki ni hizi tulizorithi, na kila moja imepitia mikono ya mafundi hesabu imepotea. Yake mjini ilikuwa tamu kabisa. Lakini afike Thika Road, akanyage, turbo ianze kupuliza, karibu na mizunguko 4,000 gari inakohoa kama mtu amekunywa chai ikamwendea vibaya.

Fundi wa kwanza akasema plagi. Zikabadilishwa. Wa pili akasema filta ya petroli. Ikabadilishwa. Wa tatu akasema, mnajua alisema nini, pampu. Alfu thelathini na nane zikaenda. Gari ikapona siku tatu, ya nne ikaanza tena. Katika hao watatu, hakuna hata mmoja aliyetoa geji.

Mwishowe tukapima wenyewe. Tuliunga waya mbili ndefu kutoka kwa pampu mpaka kiti cha mbele, yeye akaendesha, mimi nikashika mita. Betri ilikuwa inasoma volti 13.8. Kwa pampu, akikanyaga kabisa, 10.4. Tukafungua pale juu ya tangi, tukapata pini moja ya soketi imeungua, nyeusi ti. Mzigo ukipanda pampu inaitisha umeme zaidi, na ile pini haipitishi. Pampu yenye njaa ya umeme inasukuma mafuta kidogo. Na mbona ilipona siku tatu? Kwa sababu kuchomoa na kuchomeka soketi wakati wa kuweka pampu mpya kuliisugua ile pini kidogo. Pampu ya zamani ilikuwa nzima! Dawa ilikuwa pini mpya na kipande cha waya. Hata thao moja haikuisha.

Sasa mtaniambia kupima ni mambo ya mainjinia. Buda, mimi chuo niliacha mwaka wa pili. Kusoma namba kwenye geji haihitaji digrii. Kwa hii gari, mambo ni haya:

Fungua swichi bila kupiga stati. Pampu inalia sekunde mbili hivi kisha inanyamaza. Isipolia, angalia fyuzi, rilei na waya kwanza. Ikilia, usishangilie, kwa sababu kulia si kufanya kazi.

Weka geji ya presha kwenye laini ya petroli. Injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, unatafuta kama 30 mpaka 34 psi. Chomoa ile hosi ndogo ya hewa ya regyuleta, uizibe, presha ipande mpaka 41 hadi 46. Ukikuta petroli ndani ya hiyo hosi, regyuleta imepasuka ndani, umeshapata mwizi wako.

Halafu kipimo chenyewe: barabarani, chini ya mzigo. Turbo ikipuliza psi 10, presha ya petroli inafaa ipande psi 10 pia. Ikianza kushuka wakati turbo inapanda, mafuta hayafiki: ni filta, ni pampu, ni hosi ndani ya tangi, au ni umeme wa pampu kama wa beste yangu. Umeme nao upime hapo hapo kwa mzigo, kwa sababu hii gari ina kisanduku kinachopunguza umeme wa pampu ikiwa imetulia, kwa hivyo volti ndogo gari ikiwa imesimama si hoja. Na presha ikikaa sawa lakini gari bado inakohoa? Basi achana na pampu! Angalia nozo, koili, plagi, na hewa inayovuja.

Tafadhali, hosi ya petroli isiingie ndani ya gari, na mtu asiwashe sigara karibu. Kama huna uzoefu na laini ya petroli, mwachie fundi mwenye geji.

Wengine watasema, si angeendesha tu polepole mpaka apate pesa? Hapo ndipo noma iko. Turbo inaleta hewa nyingi, na mafuta yakiwa kidogo joto linapanda, injini inanoki, na pistoni zinavunjika. Kila wiki ya kubahatisha, ukiendelea kukanyaga, unacheza na injini nzima.

Lakini sitaki kuwatupia mafundi lawama yote, maana hapo tutakuwa tunajidanganya. Fundi wa jua kali ana akili kutuliko. Amesoma soko. Akikaa saa mbili anapima, akuambie "ni pini, nipe thao mbili," unamwambia "thao mbili na hujaweka kitu?" Unamwita mwizi. Yule mwingine akikuuzia pampu ya alfu kumi na tano usiyoihitaji, unamlipa bila kubishana kwa sababu umeona boksi jipya. Unaondoka ukimwita fundi moto. Sasa wewe ukiwa fundi, una kodi na watoto, utanunua geji ya nini? Sisi ndio tumemfundisha kwamba kichwa chake hakina bei, mkono wake tu.

Na sisi wa mtandaoni ni wabaya zaidi, kwa sababu fundi angalau ameona gari. Sisi tumeona video ya sekunde kumi na tano tukaandika hukumu.

Kwa hivyo ukipeleka gari, mwambie fundi kabla hajashika spana: "Nalipia kipimo kwanza, spea baadaye. Niandikie namba ulizopata." Akikataa, washa gari uende. Akikubali, mlipe vizuri hata kama shida ni pini ya shilingi hamsini. Hiyo ndiyo kazi uliyoitaka.

Na kwa wale vidole vyao vimeshaanza kuwasha huko chini: ukitaka kuandika "pampu", andika na psi. Kama huna psi, uliza swali.