Malengo Yetu na Mvua Isiyo Mikononi Mwetu

Kila mwaka, alizeti zikisha kupepetwa na magunia yakaanza kupangwa mbele ya mashine za kukamua mafuta, misikiti yetu ya Singida hujaa maazimio. Mmoja husema mwaka huu hapana budi aezeke nyumba. Mwingine hunuia Hija. Kijana mwenye banda la kuku wa kienyeji hutangaza kwamba ikifika Muharram atakuwa na kuku mia tano, na kamati ya ujenzi husimama baada ya Swala ya Ijumaa ikataja kiasi cha fedha na tarehe ya mwisho. Mwaka huzunguka, msimu mwingine ukaja, na maazimio yale yale husomwa tena, mara nyingine kwenye karatasi ile ile.

Tumezoea kusema kuwa kasoro iko katika azma, kwamba watu hawana nia ya kweli. Hukumu hiyo tumeanza kuitilia shaka, nasi tutaanza na kosa letu wenyewe ili asije mtu akadhani tunawasema wengine.

Mwaka 2023, alizeti zikiwa bado shambani, sisi wa madrasa tuliazimia kujenga darasa la pili. Tuliandika ubaoni: shilingi milioni sita, kabla ya Ramadhani ya mwaka utakaofuata. Tuligawa kiasi hicho kwa idadi ya wazazi, kila mmoja akaridhia fungu lake, tukasoma dua. Mavuno yalipofika, bei ya alizeti ilikuwa imeporomoka. Mafuta ya kula ya kutoka nje yalikuwa yamepunguziwa ushuru, na mkulima wa mkoa huu akajikuta anauza gunia kwa bei ambayo mwaka uliotangulia asingeikubali. Sisi hatukubadilisha chochote ubaoni. Kila Ijumaa tulisoma majina ya waliotoa na ya ambao bado, tukidhani tunahimiza heri.

Ramadhani ilipokaribia, mzazi mmoja alikuja na fungu lake lote kwa mkupuo. Tulimpigia takbir. Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba alikuwa ameuza alizeti za msimu mpya zikiwa bado changa shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuweza tena kustahimili kusikia jina lake likisomwa. Mavuno yalipokuja hayakuwa yake. Watoto wake wawili waliacha kuja madrasa, wakaenda kuchunga mifugo ya watu.

Hapo ndipo ilipo aibu yetu. Sisi tunaosomesha mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi twajua kuwa kuuza mazao kabla hakujadhihiri kukomaa kwake ni jambo lililokatazwa. Lengo letu la heri lilimsukuma Muislamu kwenye muamala usiofaa, na sisi ndio tuliompongeza. Nia yake ilikuwa timamu, na yetu pia. Kilichokuwa kibovu ni namna tulivyoliweka lengo lenyewe.

Ajabu ni kwamba dawa tulikuwa nayo rafuni. Wanachuoni walipoieleza biashara ya salam, ambayo mnunuzi hulipa leo na kupokea mali baadaye, walishurutisha kipimo kijulikane na muda ujulikane. Hayo mawili tuliyatimiza ubaoni. Lakini wengi wa wanachuoni hawakuruhusu ahadi hiyo ifungwe kwenye matunda ya bustani moja maalumu, kwa kuwa bustani hiyo yaweza isizae. Muuzaji huibeba ahadi katika dhima yake na kuitimiza kwa mali ya sifa ile popote itakapopatikana. Sharti hilo ndilo tulilolisahau. Ahadi yetu yote tuliifunga kwenye zao moja, katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, unaopata milimita kati ya 500 na 800 hivi kwa mwaka, na ambao bei ya mazao yake huamuliwa mbali na macho yetu.

Tulipotoka katika hali hiyo tulitaka kujua wengine wanasemaje kuhusu kuweka malengo. Njia inayofundishwa zaidi kwenye semina za wajasiriamali ni ile iitwayo SMART. Iliandikwa mwaka 1981 na Mmarekani George Doran, mshauri wa mambo ya uongozi, katika jarida la mameneja. Alitaka lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu aliyekabidhiwa, liwe la kweli kwa kadiri ya nyenzo zilizopo, na liwe na muda. Wengi waliomfuata wamelibadilisha sharti la tatu. Badala ya mtu aliyekabidhiwa, wao husema lengo liwe linafikika. Kwa maoni yetu wameondoa kilicho bora. Katika kamati zetu fedha hutajwa na tarehe hutajwa, ila nani ataamka siku gani kwenda kwa nani, hilo hubaki kwa kila mtu, maana yake si la mtu yeyote. Doran mwenyewe, kwa insafu, alisema si kila lengo litatimiza masharti yote matano. Naye alikuwa anawaandikia mameneja wa makampuni, hakuwa na habari za mkulima anayeangalia mawingu ya Desemba.

Wako walioifanyia kazi hii uchunguzi. Wataalamu wawili wa saikolojia, Edwin Locke na Gary Latham, walitumia miongo mingi kuonyesha kuwa lengo mahususi na gumu kiasi humfanya mtu atende zaidi kuliko kuambiwa tu ajitahidi. Uchunguzi mmoja wa Latham na mwenzake, uliochapishwa mwaka 1975, ulihusu madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Malori yalikuwa yakipakiwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa na sheria. Madereva walipopewa lengo la asilimia 94, upakiaji ulipanda hadi karibu asilimia 90. Hakuna aliyeongezewa mshahara.

Madereva wetu wa Barabara Kuu wataielewa habari hiyo upesi. Lakini tuitazame vizuri. Magogo yalikuwapo, lori lilikuwapo, na aliyeamua kuongeza gogo jingine alikuwa dereva mwenyewe. Namba ile ilifanya kazi kwa sababu ilitajwa kwa mtu ambaye jambo lilikuwa mikononi mwake. Mpe namba hiyo hiyo mtu ambaye jambo haliko mikononi mwake, naye atatafuta njia ya kuitimiza, halali au isiyo halali. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kuwa wafanyakazi wake, wakisukumwa na malengo ya mauzo, walikuwa wamefungua akaunti kwa majina ya wateja bila ridhaa yao. Watumishi wapatao 5,300 walikwisha kufukuzwa kazi. Hatudhani kwamba wote hao waliingia benki wakiwa wezi, kama vile mzazi wetu hakuingia msikitini akiwa na nia ya kuvunja sharia.

Kwa hiyo swali tunalowaomba ndugu zetu wajiulize kabla ya kuchukua kalamu ni hili: Nikitenda yote yanipasayo, bila kupunguza, je, jambo hili laweza bado lisitimie? Kama jibu ni hapana, andika namba na tarehe, na ujihesabu kwayo bila huruma. Deni ni la namna hiyo kwa mwenye kipato cha uhakika. Hisa ya kila wiki kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ni ya namna hiyo. Kama jibu ni ndiyo, basi kiandike kitendo, si mavuno.

Walimu wa hifdhi wanalijua hili kwa mazoea. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Mwanafunzi anayekuja kwetu akisema atahifadhi wote kwa mwaka mmoja, mara nyingi tunamkuta mwezi wa nne amechoka na ameshaona haya. Yule anayepewa ukurasa mmoja kwa siku, pamoja na murajaa ya nyuma, hatajiwi mwaka. Hesabu ipo, karibu miezi ishirini, lakini anaishika mwalimu. Mtoto hushika ukurasa wa leo. Akiugua malaria wiki mbili hakuvunja ahadi yoyote. Anarudi kwenye ukurasa alioachia.

Tumrudie kijana wa kuku mia tano. Kuku mia tano si kitendo. Kideri kikipita kijijini mwezi wa Septemba, kinaweza kumwachia kumi. Kilicho mikononi mwake ni chanjo ya kideri, tone moja jichoni kwa kila kuku kila baada ya miezi mitatu. Ni kuvitenga vifaranga na kunguru na mwewe. Ni daftari la mayai na vifo. Tungemshauri aandike hayo, na jina la atakayechanja siku ambayo yeye atakuwa mnadani. Tena kama ndiyo kwanza anaanza, mwaka wa kwanza lengo lake liwe kujifunza: kwa nini vifaranga hufa, nani hununua kwa bei nzuri na mwezi gani. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani waliokuwa wakijifunza kuongoza ndege kwa mfano wa mitambo. Waliopewa malengo magumu ya namba wangali wanajifunza walifanya vibaya zaidi; akili iliyokuwa ihangaike na kazi ilihangaika na namba.

Atasema msemaji: basi mnafungua mlango wa uvivu, kila mtu adai mvua haikuwa mikononi mwake. Hoja hiyo ina uzito, nasi tumeisikia kutoka kwa mzee mmoja wa kamati ambaye tunamheshimu sana. Jawabu letu ni kwamba kitendo ni kigumu kukikimbilia kuliko namba. Aliyeahidi milioni sita anaweza kulala miezi saba akitarajia muujiza wa mwezi wa nane. Aliyeahidi kuchanja kuku Jumamosi hii ataulizwa Jumapili. Na tumkumbuke Nabii Yusuf (a.s.). Katika mpango wake wa miaka saba ya neema na saba ya ukame, sura inayobeba jina lake haitaji idadi ya maghala wala ujazo wake. Inaeleza watu watende nini: walime mfululizo, nafaka waiache katika masuke yake, wale kidogo. Huo ulikuwa mpango wa nchi nzima.

Ama sisi wa madrasa, ubao tuliufuta. Jambo la kwanza kamati ilimrudishia mzazi yule fungu lake lote, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Haikuwa rahisi, na wawili kati yetu walipinga. Halafu tulikubaliana kwamba kila nyumba iliyo na kuku italeta mayai matano kwa wiki, na isiyo nao itatoa siku moja ya kazi kwa mwezi. Majina hayasomwi tena. Mama mmoja amekabidhiwa kuyapokea mayai, na kijana mmoja kuyapeleka mjini. Tarehe ya kumaliza hatukuitangaza, ingawa mhazini anayo yake kwenye daftari na huisogeza kila msimu anapoona inafaa.

Darasa limefika kwenye lenta. Bati bado. Mmoja wa wale watoto wawili amerudi na yuko juzuu ya tatu. Kaka yake angali anachunga, na baba yao ameahidi kuzungumza na mwenye ng'ombe baada ya mavuno. Mayai huhesabiwa kila Alhamisi baada ya Swala ya Alasiri, na wiki iliyopita yalikuwa mia moja na kumi na mawili, matatu yakiwa yamepasuka njiani.