Kuhama Nakivale kwenda Mbarara: Tupige hesabu kabla ya kuita lori

Tangu Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwenye mgao wa chakula, familia nyingi za Nakivale zinajiuliza swali moja: tuendelee kubanana hapa, au tuhamie Mbarara tupange nyumba kubwa, watoto wapate pa kulala na mama apate pa kufanyia biashara?

Swali hilo linatuhusu hata sisi tuliokwisha kurudi nyumbani. Simu zinapigwa hadi Nyagatare na Kigali. Shemeji anaomba mchango wa kodi, binamu anaomba fedha za lori. Mimi nilizaliwa Nakivale, nikasoma huko na Mbarara kabla ya kurejea Rwanda kufundisha, na simu hizo nazipokea. Naomba tulitazame jambo hili kwa hesabu, si kwa huruma peke yake.

Ikumbukwe kwamba Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Sera ya Uganda ni kumpa mkimbizi kiwanja cha kujenga na, ardhi inapopatikana, kipande cha kulima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini.

Mtego uko hapo hapo. Nyumba ya Nakivale haina kodi, na mboga ya shambani haina risiti. Kwa hiyo familia huhesabu fedha inayopita mkononi tu, na kusahau ile ambayo haijawahi kulazimika kuitoa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anauza maharage na anabaki na faida ya shilingi 450,000 za Uganda kwa mwezi. Chakula cha kununua kinamchukua 150,000, shule 60,000, usafiri 50,000, matibabu na mengineyo 40,000. Jumla ni 300,000, anaweka akiba 150,000. Anasikia kuna nyumba Kakoba kwa kodi ya 150,000. Anaona mambo yamekaa sawa: akiba ya mwezi ndiyo kodi ya mwezi.

Je, ni kweli? Mjini hakuna shamba, hivyo chakula kinaongezeka, tuseme kwa 90,000. Kuni za kuokota hakuna. Kuna mkaa, maji ya kulipia na umeme wa Yaka, tuseme 50,000. Matumizi yanafika 590,000 na mapato bado ni 450,000. Kila mwezi anapungukiwa 140,000. Kama alihama na akiba ya 700,000, katika miezi mitano imekwisha, na hapo hatujagusa gharama ya lori wala malipo ya awali ya nyumba. Mwezi wa sita anabisha hodi kwa mkopeshaji. Mkopo wa 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi unadai 50,000 nyingine kila mwezi, kabla hata ya kurudisha shilingi moja ya mkopo wenyewe.

Kilichomwangusha hapo si kodi, maana kodi alikuwa nayo. Ni shamba alilolihama bila kulipangia bei.

Ushauri wangu kwa ndugu wa Nakivale ni huu: anza kuilipia nyumba mpya kabla hujaihamia. Kwa miezi sita, kila mwisho wa mwezi, tenga kodi pamoja na nyongeza ya chakula, mkaa na umeme. Katika mfano wetu ni 290,000. Ukifaulu miezi yote sita, hama. Ukifika 150,000 tu, umejua pengo lako ni 140,000 ukiwa bado una shamba, na fedha uliyotenga haijapotea, ni 900,000. Hapo utaamua kwa akili iliyotulia: kutafuta nyumba ndogo zaidi, kukuza biashara kwanza, au kumtanguliza mtu mmoja mjini katika chumba kimoja cha mstari, kile ambacho Waganda hukiita muzigo, apime soko.

Fedha hiyo isikae chini ya godoro. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mfumo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea hadi kwetu, vina sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu tofauti. Hata hivyo, vikundi vingi hugawana fedha mwezi Desemba, na mwaka wa masomo Uganda huanza Februari. Anayehama Januari hukutanisha lori, kodi na karo katika wiki zile zile. Afadhali karo itangulie, nyumba ifuate.

Kuna hatari mbili nyingine. Ya kwanza ni kuuza kiwanja cha Nakivale ili kupata mtaji wa kuhama. Kiwanja kile umepewa utumie, hukupewa uuze. Anayekiuza anauza kisicho chake, na anayekinunua ananunua kesi. Mjini nako, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda tu, si kuimiliki moja kwa moja. Asidanganywe mtu kwa karatasi ya mkono.

Ya pili ni mgao. Msaada wa Uganda umefungwa kwenye makazi. Anayeishi mjini hutegemewa ajitegemee. Uhakiki wa mwaka 2018 ulitumia alama za vidole, na mtu hawezi kuwakilishwa na jirani. Familia ambayo bado inapata mgao ijue inaacha nini.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, ongeza hesabu moja. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu mapato ya wengi yalikatika, lakini mwenye nyumba wa mjini hasubiri mpaka ufunguliwe. Anayeishi kwa mpaka awe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu. Katika mfano wetu ni shilingi 1,770,000.

Aliyekwisha kuhama naye ajue haki yake. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji haondolewi bila amri ya mahakama. Kodi ya 150,000 basi inaweza kufika 165,000 mwaka ujao. Ipangiwe tangu sasa. Daima dai mkataba ulioandikwa, na risiti kila ulipapo.

Nasi tuliorudi, tunapoombwa mchango, tusikimbilie kulipia lori. Lori ni la siku moja na kila mtu huliona likipita. Shemeji akipiga simu, tumwulize kwanza ametenga miezi mingapi na pengo lake ni shilingi ngapi. Kama tuna cha kutoa, tutoe kwenye pengo hilo, mwezi kwa mwezi, kwa muda tuliokubaliana naye. Na kama miezi sita haijatimia, tumwambie kwa upole asubiri angali na shamba lake.