Granada: mji unaouza tiketi za nyumba ya waliofukuzwa

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tutoke kambini kidogo twende Granada, kusini mwa Hispania. Tutaenda kwa simu maana viza hatuna. Picha ziko nyingi, ni MB zako tu.

Juu ya kilima kuna Alhambra, jumba la wafalme Waislamu, sehemu zake nzuri zaidi zilijengwa karne ya 14. Maji yaliletwa kwa mfereji kutoka mto Darro, bila pampu yoyote, mpaka kwenye ule uwanja wa simba 12 wa mawe. Ukutani maandishi ya Kiarabu yanarudia na kurudia kwamba hakuna mshindi ila Mungu. Ng'ambo ya bonde kuna mtaa wa Albaicín, vichochoro vyembamba na nyumba nyeupe. Kila mwaka zaidi ya watu milioni 2 wanakata tiketi kuingia Alhambra, wanapiga selfi, wanasema jamani uzuri gani huu. Ni kweli, ni uzuri. Lakini mkimbizi akitazama picha hizo anauliza kitu kingine: wenyewe walienda wapi?

Novemba 1491 ulisainiwa mkataba. Mji upewe Fernando na Isabel, na Waislamu wabaki na dini yao, mali zao na sheria zao. Januari 2, 1492 mji ukakabidhiwa. Machi mwaka huohuo, humohumo Granada, ikatoka amri Wayahudi wote waondoke Hispania, na mwisho wao ulikuwa Julai. Haikupita miaka 10 na Waislamu nao wakaambiwa: ubatizo au njia. Mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili akapiga marufuku Kiarabu chenyewe, pamoja na mavazi yao na mabafu yao. Miaka 3 wawe wamejua Kihispania! Wakaasi, wakashindwa, wakatawanywa. Kati ya 1609 na 1614 watu kama 300,000 wakafukuzwa nchi nzima, na hao walikuwa wameshabatizwa, wajukuu na vitukuu. Ule mkataba ulikuwa karatasi tu. Sisi tunaosaini karatasi kila mwezi tunaelewa.

Na ile lugha haikuisha. Mhispania mpaka leo akitaka sukari anasema azúcar, na "mpaka" anaiita hasta. Sukari yetu na hata yetu zimetoka kwenye Kiarabu hichohicho. Yaani neno lilipigwa marufuku, likabaki mdomoni mwa aliyelipiga marufuku.

Waliofukuzwa nao hawakukaa tu kusubiri rasheni. Tetouan, kule Moroko, uliinuliwa upya na watu waliotoka Granada. Testour, Tunisia, mji wa wakimbizi hao, una msikiti ambao saa ya mnara wake inazunguka kinyumenyume. Na zile kofia nyekundu za Tunis, ufundi wake ulikuzwa na wakimbizi wa Hispania. Ndiyo maana mimi nakasirika kidogo nikiona fomu zetu. Zinauliza tuko wangapi, tumekosa nini, nani mgonjwa. Sawa, ziulize. Lakini ni fomu ngapi zinauliza huyu mama alikuwa anatengeneza nini kwao?

Sasa sehemu inayonichoma. Mwaka 2015 Hispania ilitunga sheria: mzao wa Wayahudi waliofukuzwa aliweza kuomba uraia, mpaka muda wa maombi ulipofungwa 2019. Miaka zaidi ya 500 ilikuwa imepita, na mlango ukafunguliwa. Lilikuwa jambo zuri, silikatai. Ila wazao wa Waislamu waliofukuzwa hawakupata sheria kama hiyo. Kuna wanaosema kesi ni tofauti. Mimi naona ni nusu haki: jumba la hao unalikatia tiketi, halafu wajukuu wao huwajui.

Na hata hao walioruhusiwa walitakiwa kuleta ushahidi: majina ya ukoo, vyeti vya jumuiya zao, lugha ambayo bibi zao waliendelea kuizungumza uhamishoni. Familia iliyotunza kitu ilikuwa na cha kuonyesha mezani.

Sisi je? Hapa kuna watoto waliozaliwa kambini hawajui jina la kijiji cha baba yao. Kibembe wanakisikia, kujibu hawawezi. Kifuliru vilevile. Wazee wanaojua mipaka ya mashamba na majina ya mito wanazeeka, wengine tumeshawazika hapa. Hakuna haja ya kusubiri mradi wala bajeti kwa hili. Daftari la kurasa 96 na kalamu vinatosha, na simu ya kurekodia kama ina chaji. Anza na mzee wa nyumba yako: kijiji gani, mto gani, jirani zake walikuwa nani, alikuwa anafanya kazi gani. Andika kwa lugha yake mwenyewe, hata kama maandishi yatakuwa ya kubabaisha.

Na nyinyi wa mashirika, kwenye fomu ijayo ongezeni mstari mmoja: "Unajua kutengeneza nini?"