Mahindi Hayali Mbolea Kavu

Kila msimu wa kupanda, mjadala wa mbolea nchini Kenya na Tanzania huishia kwenye bei na foleni za ruzuku. Mzizi hauulizwi.

Mahindi hayana meno. Hupokea tu madini yaliyoyeyuka katika maji, kupitia vinyweleo vyembamba vya mizizi. Maji hayo huvutwa juu kadiri jua linavyokausha unyevu kwenye vitundu vya majani, na vitundu hivyohivyo huingiza kabonidioksidi ya kutengenezea sukari. Sasa udongo ukiwa na asidi kali, pH chini ya 5.5, kama ulivyo katika maeneo mengi ya magharibi mwa Kenya, alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma. Mkulima ameweka DAP, mbolea yenye fosforasi, mmea umebaki na njaa, majani yanageuka zambarau. Na mbolea hiyohiyo, ikirudiwa miaka nenda miaka rudi, huongeza asidi!

Shamba kama hilo linahitaji chokaa ya kilimo ya kupunguza asidi kabla ya mfuko wa pili wa DAP. Kiasi chake hakikisiwi kwa macho. Serikali zinazogharamia ruzuku zingeanza na kupima udongo, hata kama kipimo hakipendezi kwenye picha za kampeni.