Usimwahidi mtoto usichoweza kutimiza

Ni mara ngapi umemwambia mtoto "nitakuletea" ilhali unajua fika kwamba mfukoni hamna kitu? Wengi wetu husema hivyo asubuhi tukikimbilia matatu, ili mradi mtoto anyamaze na kutuachilia mguu. Jioni tunarudi mikono mitupu na kudhani kwamba amesahau.

La hasha! Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 28 wa umri wa kati ya miaka 3 na 5. Kila mtoto alipewa kalamu za rangi kuukuu, akaambiwa angoje aletewe nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa. Wengine waliambiwa, pole, kumbe hatuna. Mchezo huo ulirudiwa kwa vibandiko vya picha. Kisha kila mmoja aliwekewa peremende moja laini mezani, akaelezwa kuwa akivumilia bila kuila ataongezwa ya pili.

Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa je? Dakika 3 tu! Ungewaita walafi (hata mimi ningewaita hivyo), lakini watoto hao walikuwa wamepiga hesabu yao sawasawa. Walikwisha kuona kwamba maneno ya mtu mzima hayaliki.

Na huko ni kudanganywa mara mbili tu, tena na mgeni. Sembuse yule anayedanganywa kila wiki na baba yake mzazi? Sisemi kwamba kila kijana anayemaliza mshahara siku aliyoupokea alilelewa hivyo, kwani umaskini nao una lake. Lakini subira haifundishwi kwa kiboko. Mtoto huijifunza pale anapongoja na kupata.

Nami si msafi. Tangu shule zifungwe nimekuwa nikimwahidi mwanangu wa miaka 6 kwamba tutakwenda kupanda mashua Uhuru Park. Juzi nilipomwambia "Jumapili hii", hakuruka wala kushangilia. Alisema "sawa, baba," akarudi kwenye gari lake la waya. Hiyo "sawa" iliniuma kuliko kilio.

Ukurasa huu utakapokufikia asubuhi ya leo, tutakuwa kituoni, mimi na yeye, tukingoja matatu.