Gesi isituharibie maji

Mtume wetu Muhammad (SAW) amewafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Juma hili tumeona vyema tuyatazame mawili kati ya hayo, maji na moto, kwani katika zama zetu moja limeanza kulidhulumu jingine.

Siku ya kwanza ya mwaka 2009, kisima cha maji cha nyumba moja huko Dimock, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kililipuka na kuvunja kifuniko chake cha zege. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ilikuwa imejipenyeza katika maji. Wakati huo wachimbaji walikuwa wakitafuta gesi katika mwamba wa Marcellus, ulio mbali chini ya ardhi. Hutoboa hadi huko, kisha husukuma maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa nguvu kubwa, hata mwamba ukapasuka na gesi ikatoka. Bomba la chuma lililozungushiwa saruji ndilo linaloitenga gesi hiyo na maji ya kunywa. Saruji hiyo ikiwa na kasoro, gesi hupanda pembeni ya bomba na kuingia visimani.

Mwaka 2010 mamlaka za jimbo zilizuia uchimbaji mpya katika eneo hilo. Kampuni ilidai kuwa methani ilikuwamo majini tangu zamani. Ni mwaka 2022 tu, mahakamani, ilipoacha kulipinga shtaka la kuchafua mazingira na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 16 ili wakazi waletewe maji ya bomba. Tuhesabu, ndugu zetu: miaka 13. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa mlipuko alikwisha kubaleghe au kuukaribia ubaleghe.

Hatusemi kuwa gesi ni haramu. Mama anayepikia gesi ameepukana na moshi wa kuni unaoumiza kifua chake na vifua vya wanawe, na hiyo ni neema. Lakini Uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana, na neema ya mmoja haihalalishi madhara kwa jirani yake.

Nasi Watanzania tunayo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara. Hiyo imo katika miamba ya mchanga, wala haikuhitaji kupasuliwa kwa namna ya Pennsylvania. Hata hivyo kila kisima cha gesi, popote kilipo, hutegemea uimara wa bomba na saruji yake.

Kwa hiyo tunawanasihi wazee wa vijiji na wajumbe wa kamati: kabla mtambo wa kuchimba haujasimamishwa, maji ya visima yapimwe, na matokeo yaandikwe na kuhifadhiwa kijijini. Dai lile la kwamba gesi ilikuwamo tangu zamani halijibiwi kwa machozi. Hujibiwa kwa karatasi iliyoandikwa mapema. Dini yetu imetufundisha kuandika deni na kuliwekea mashahidi. Maji ya watoto wetu ni amana iliyo kubwa kuliko deni.

Allah (SW) atujaalie tuwe wenye kuitunza amana hiyo. Amin.