"UMEKONDA, UNAUMWA?": WANA SUMBAWANGA, HIVI KILO ZA MTU ZINAWAHUSU NINI?

"Mbona umeisha hivyo?" "Dada vipi, mapenzi yanakutesa?" "Mwambie shemeji akulishe." "Kapime afya mapema mpendwa." Na ile ya watu waoga, isiyo na maneno mengi: "Mmh... haya."

Hizo ndizo komenti zinazowasubiri watu wa Sumbawanga ambao kosa lao ni moja tu. Wameamua kukimbia.

Siku hizi ukitoka nje saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi la Ufipa bado linang'ata masikio, utawaona. Wengine wanashuka na barabara ya Tunduma, wengine wanapandisha kuelekea milima ya Mbizi, wengine wanazunguka mitaa ya karibu na Uwanja wa Nelson Mandela. Na kiukweli mji huu umeumbwa kwa ajili hiyo. Uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, jua la asubuhi halichomi. Wakenya wanapanda hadi Iten, mita kama 2,400, kwenda kutafuta hali ya namna hii ya kujenga pumzi. Wana Sumbawanga wanayo mlangoni, hawailipii nauli.

Sasa badala ya watu hao kupewa hongera, wanapewa magonjwa.

Chukua huyu mdada mmoja wa mjini, jina kapuni. Anauza viwalo mtandaoni na mji mzima unamjua. Mwaka jana alikuwa na kilo 84. Akaanza mdogo mdogo, kutembea kwanza, halafu kukimbia, mwisho kilomita 10 mara nne kwa wiki. Soda akaacha. Baada ya miezi minane mzani ukasoma 70. Akaposti picha akiwa na gauni jipya la dukani kwake, maana ndiyo kazi yake. Gauni halikuulizwa bei na mtu hata mmoja! Komenti za kwanza zote zilikuwa za mwili, na kufika usiku kwenye magrupu ya WhatsApp stori ilikuwa imeshaiva: "amekanyaga miwaya."

Hapo ndipo penye ishu yenyewe.

Kiswahili chenyewe kina maneno mawili hapa. Mtu akikutakia mema anasema "umepungua". Akikutafuta anasema "umekonda", na akizidisha anasema "umekondeana". Mzani ni uleule, kilo ni zilezile. Tofauti ni moyo wa anayesema. Kwa hiyo wale wa "jamani nilikuwa nauliza tu" wasijifanye hawajui. Neno walilichagua wenyewe.

Na hofu hiyo haikuanza na Instagram. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa huo ukapewa jina la "Slim", yaani wembamba. Kizazi cha wazazi wetu kilizika ndugu waliokuwa wamebaki mifupa, na hilo halichekeshi. Ndiyo maana bibi akikuona umepungua anashika kifua. Bibi asamehewe, yeye ameona.

Lakini kijana wa miaka 22 mwenye bando la wiki hana cha kujitetea. ARV zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, yeye akiwa bado hajazaliwa au yuko mgongoni. Leo mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuwa na mwili mkubwa kuliko wote ukumbini, anacheza muziki, anazaa, anazeeka. Na asiye na virusi anaweza kuwa mwembamba kama fito za uzio. Hakuna jicho la binadamu linalopima damu. Anayesema "kwa kumwangalia tu najua" hajui chochote, anasambaza uzushi tu.

Kuna watu walimshauri yule mdada apige picha majibu yake ya vipimo ayaposti, "uwafunge midomo." Akakataa. Alikuwa sahihi kwa asilimia mia moja, na hii wengi hawajaielewa mpaka leo. Siku mkimbiaji akiposti karatasi ya kuonyesha hana virusi, anakuwa amekubaliana na wambea kwamba mwenye virusi ndiye wa kusemwa. Anajisafisha yeye, anamwacha jirani yake anayemeza dawa kwa siri akizidi kujificha. Na huyo jirani akiogopa kuonekana kliniki kisa midomo ya mtaa, anaacha dawa. Akiacha dawa, anakufa. Hapo "utani" umeua mtu ambaye hata hamkuwa mnamwongelea.

Tukija kwenye uchawi ndiyo kabisa. Jina la Sumbawanga lenyewe kwa Kifipa linaelezwa kuwa ni "tupa uchawi", lakini nchi nzima inautania mji huu kana kwamba uchawi unauzwa sokoni. Wenyeji wakienda Dar wanakasirika wakitaniwa hivyo. Haya, wakirudi nyumbani, mtu akipungua kilo kumi kwa jasho lake, nani wa kwanza kusema "huyo kachezewa"? Ni haohao. Huwezi kumkasirikia mtu wa Kariakoo kwa utani ambao wewe mwenyewe unaulisha kila siku.

Na unafiki mkubwa kuliko wote ulionekana Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo sana ya sekunde mpaka ikabidi picha za mstarini ziangaliwe. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo tangu dunia iumbwe! Siku hiyo kila status ilikuwa bendera. Kuna mtu aliandika "mbona kakonda"? Hakuna. Mashavu ya Simbu yameingia ndani kama ya mkimbiaji yeyote wa marathoni, na nchi nzima ikayaona mazuri.

Kumbe wembamba wa kukimbia mnaujua! Mnaujua vizuri sana ukiwa na medali. Usipokuwa na medali, akiwa ni dada wa viwalo wa mtaani kwenu, ghafla mnakuwa madaktari.

Kwa wasiojua hesabu, hesabu ni hii. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 10 anaunguza kama kalori 800. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Akikimbia hivyo mara nne kwa wiki na chakula asikiongeze, kila wiki mbili na nusu hivi anaiaga kilo. Miezi minane ni kilo kumi na kitu. Mashavu na shingo vinaonekana mapema kwa sababu uso haufunikwi na nguo. Hakuna mganga hapo. Kuna raba tu.

Wanaume nao wasidhani wamepona. MC mmoja wa harusi, naye jina kapuni, kitambi kilikuwa ndiyo nembo yake. Akanunua baiskeli, akawa anatoka nayo wikiendi kuelekea Laela na kurudi. Kitambi kikayeyuka, suti zikapunguzwa kwa fundi. Mwezi uliofuata familia moja ikamnyang'anya shughuli iliyokuwa imeshalipiwa kianzio. Sababu waliyompa mtu wa kati: "Anaonekana mgonjwa, ataharibu picha." Sauti yake ileile, vichekesho vilevile, kazi imekwenda kwa mwingine kwa sababu ya tumbo ambalo halipo. Hebu fikiria, mtu anapoteza mkate kwa kuwa na afya!

Na hii inatoka kwenye ile imani kwamba kitambi ni pesa. Mwanaume mwenye tumbo "kajipata". Mwanamke akinenepa baada ya harusi "ndoa imemkubali". Akipungua, mume ndiye anayeangaliwa vibaya. Mwili wa mtu umegeuzwa risiti ya maisha ya wengine. Mkoa huu unalisha nchi mahindi na maharage, samaki wanatoka Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, ugali sio shida. Lakini kula vizuri na kunenepa sio kitu kimoja. Presha na kisukari haviogopi mtu aliyejipata. Vinamfuata hukohuko.

Sasa wapo watakaosema, "Mnakuza mambo, sisi tunajali tu. Je kama kweli anaumwa?"

Swali zuri, na lina jibu. Kupungua kunaweza kweli kuwa ugonjwa. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni na jasho la usiku pamoja na kupungua, hiyo inaweza kuwa TB. Kiu isiyoisha na kwenda chooni kila saa, inaweza kuwa kisukari. Hata mazoezi yenyewe yakizidi chakula yana hatari zake: dada anayekimbia sana na hali ya kutosha anaweza kukatika siku zake za mwezi, mifupa ikadhoofika, uchovu usiishe. Hayo ni mambo ya kweli na rafiki wa kweli anapaswa kuyaona.

Ila rafiki wa kweli anafanyaje? Anapiga simu. Anakuja nyumbani. Anauliza, "Ndugu yangu, unalala vizuri? Unakula? Unajisikiaje?" Na akisikia jibu linalotia wasiwasi, anasema twende wote hospitali, kesho nina nafasi. Anayejali anatoa muda wake. Anayekomenti mbele ya watu elfu tatu hatoi kitu, anachukua. Akiulizwa jina la zahanati ya karibu na mgonjwa wake halijui, lakini laiki za komenti yake anazihesabu.

Na kama ni kujali, mbona mama mmoja wa kwaya, mtu mzima wa miaka hamsini na, hakujaliwa? Huyo aliambiwa na daktari presha iko juu, apunguze chumvi na afanye mazoezi. Akaanza matembezi ya jioni na majirani, kisha mbio za polepole. Akapungua, presha ikashuka. Mawifi wakaanza: "Kaka yetu atasemaje, watu wataona hakulishi." Kanisani wakawa wanamuuliza kwa macho ya huruma kama kuna tatizo nyumbani. Mama wa watu akachoka, akaacha. Kilo zimerudi, presha imerudi, dawa zimeongezwa. Na wale waliosema? Sasa hivi wanamsifia: "Angalau umenawiri."

Umenawiri! Mtu anasifiwa kwa kurudi kwenye hatari. Kama huko ndiko kujali, basi bora wasimjali.

Kwa hiyo nyinyi mnaokimbia, msikilize vizuri. Hamdaiwi maelezo. Mtu mzima akikuambia umekonda, mpe shikamoo yake na umwambie "nafanya mazoezi mama, niko salama", inatosha, maana wengi wao wanaogopa kweli. Rika lako akikwambia hivyo, mkaribishe alfajiri mkimbie wote. Tisa kati ya kumi hawatatokea na mada itafia hapo. Mwenye kashfa za miwaya, mfute na umzuie, usijibizane naye. Vipimo ni vyako na daktari wako. Na mzani usiwe mungu wako, chakula kiongezeke na kilomita zinavyoongezeka.

Wahenga wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo. Mawe yaliyoingia yalikuwa mengi, chuma kilichotoka kilikuwa kidogo, na hakuna mhunzi aliyekaa pembeni akalia kwamba mawe yamekonda. Alijua kilichobaki ndicho kinachotengeneza jembe.

Na nyinyi mnaokomenti, uwanja ni wenu hapo chini kama kawaida. Atakayetaka kubisha abishe kwa hoja. Ila atakayeanza kuulizia yule mdada wa viwalo ni nani na uso wake sasa hivi ukoje, ajue ameshajibu swali la kichwa cha habari kwa niaba ya mji mzima.